Zawadi Inayodai: Somo Kutokana na Mchezo wa Mafia

Leo tunaomba ruhusa yenu tuingie mahali ambapo sisi wazee hatuna desturi ya kuingia, yaani katika michezo ya kompyuta ambayo vijana wetu huicheza mpaka usiku wa manane. Aghalabu sisi hupita nyuma yao tukiguna, kisha tukaenda zetu kulala. Lakini tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu tuliwaambia wanafunzi wetu mwaka hata mwaka kwamba mwalimu asihukumu daftari asilolisoma. Basi likizo iliyopita, mjukuu wetu, kijana wa miaka 20, alipofika na kompyuta yake, tuliketi kando yake tukaomba kufundishwa. Tulicheza siku tisa. Tumeona humo jambo linalofaa kuzungumzwa katika nyumba zetu.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo unaitwa Mafia. Ulitolewa mwaka 2002, ukiwa umetengenezwa na kampuni ya Illusion Softworks ya mji wa Brno, katika Jamhuri ya Cheki. Ulipendwa hata ukatengenezwa upya mwaka 2020, na hadithi nyingine za jina hilo zilitolewa miaka ya 2010, 2016 na 2025. Mchezaji hukaa mahali pa mtu mmoja wa hadithi, akamwongoza kwa vitufe: atembee, aendeshe gari, apige risasi. Mtu huyo ni Tommy Angelo, dereva wa teksi katika mji wa kubuniwa uitwao Lost Heaven, nchini Marekani, mwaka 1930. Nchi ile ilikuwa imepiga marufuku biashara ya pombe tangu 1920, na marufuku hayo yalidumu mpaka 1933. Magenge yalitajirika kwa kuiuza pombe kwa siri.

Tuseme kweli, mchezo unavutia. Mji una magari ya kale na treni zake, na polisi wako barabarani. Ukizidi maili 40 kwa saa, yaani kama kilomita 64, au ukipita taa nyekundu wakakuona, wanakusimamisha na kukutoza faini. Kuna hata kitufe cha kuzuia gari lisizidi mwendo huo. Sisi tulikitumia kila mara, mjukuu akacheka, "Bibi, hata dereva wa askofu haendi pole hivi!" Yako pia mashindano ya magari yaliyo magumu mno, hayo alitushikia yeye.

Lakini siku ya nne tulishtuka. Tulikuwa tumesimama kwa adabu mbele ya taa nyekundu, tukingoja ya kijani, na ndani ya gari mlikuwa na bunduki, na safari yetu ilikuwa ya kwenda kuua. Tulikuwa tukishika sheria ndogo na kuvunja iliyo kubwa kuliko zote, na moyo wetu ulikuwa umetulia kabisa. Tukamwuliza mjukuu: tumefikaje hapa?

NGAZI YA TOMMY

Tulichukua karatasi na kalamu, tukarudi nyuma kuhesabu vipandio.

Kipandio cha kwanza. Usiku mmoja majambazi wawili, Paulie na Sam, wanamwelekezea Tommy bastola na kumlazimisha awatoroshe kwa teksi yake, maadui zao wakiwafukuza. Hapa Tommy hana kosa.

Cha pili. Anawafikisha salama kwenye baa ya mkubwa wao, Don Salieri. Anapewa bahasha yenye fedha, kuwa ni shukrani. Teksi imeharibika na yeye ni maskini. Nani angekataa?

Cha tatu. Kesho yake watu wa Morello, adui wa Salieri, wanamkuta kazini. Wanamvunjia teksi na kumpiga. Anakimbilia mlango mmoja tu anaoujua, nao ni wa baa ya Salieri. Huko anaokolewa.

Cha nne. Anatumwa kulipiza kisasi kwa kuteketeza magari ya waliomwonea.

Cha tano. Anawaendesha wenzake wanaozunguka kukusanya fedha kwa wenye biashara, zile ziitwazo fedha za ulinzi. Wao wanaingia ndani kudai. Yeye anashika usukani tu.

Cha sita. Anaua. Baada ya hapo hatukuhesabu tena. Iko sura ambamo risasi zinarushwa hata ndani ya kanisa, watu wakiwa katika mazishi. Hapo tulimwambia mjukuu asimamishe mchezo, tukatoka nje kupunga upepo.

Tazameni sasa ngazi hiyo. Hakuna kipandio kirefu hata kimoja. Bandu bandu huisha gogo. Na kipandio kilichobeba vingine vyote si bastola, ni bahasha. Bastola ilimtia Tommy hofu usiku mmoja. Bahasha ilimtia haya. Mwenye hofu hukimbia asirudi. Mwenye haya hurudi mwenyewe, bila kuitwa.

Hadithi ya pili, ile ya mwaka 2010, mjukuu alitusimulia kwa kuwa yeye aliimaliza. Kijana Vito Scaletta anarudi kutoka vitani mwaka 1945, anakuta nyumbani deni la dola 2,000 aliloacha marehemu baba yake. Anaingia katika ujambazi ili alilipe. Miaka inapita, anaangukia deni jingine kubwa zaidi, na katika kutafuta fedha za kulilipa anatumwa pamoja na rafiki yake kumwua mtu mmoja mzee nyumbani kwake, mwaka 1951. Mzee huyo ni Tommy Angelo. Mwaka 1938 alikuwa amemweleza mpelelezi wa polisi habari zote za Salieri, kisha akajificha na jamaa yake. Kwa hiyo mchezaji aliyekuwa Tommy katika hadithi ya kwanza, katika ya pili anakwenda kumwua Tommy.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli kwa deni la dukani, ambalo limeandikwa. Fadhila ya namna hii haina daftari. Anayedai ndiye peke yake ajuaye limebaki kiasi gani.

GUNIA LA MCHELE

Msidhani tunasimulia mambo ya ng'ambo tu. Miaka mingi iliyopita, tungali kazini, baba watoto alilazwa hospitali majuma matatu, na mshahara ulikuwa umechelewa. Jioni moja kijana mmoja alishusha gunia la mchele mlangoni petu. Alisema limetoka kwa mfanyabiashara fulani ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi wetu. Hakuleta ujumbe mwingine ila pole. Tulishukuru, tukapika, watoto wakala. Juma lile hakuna mwingine aliyebisha hodi.

Miezi miwili baadaye, mitihani imekwisha na alama hazijapelekwa, yule bwana alifika mwenyewe. Aliuliza hali ya mgonjwa, akaketi, akanywa chai. Alipoinuka kuondoka ndipo aliposema, "Mwalimu, yule kijana wangu nasikia amepungukiwa alama chache tu. Nasi sasa ni watu wa nyumba moja." Hakutaja mchele. Hakuwa na haja ya kuutaja.

Hatukubadili alama. Tungependa kuishia hapo tuonekane hodari. Lakini ukweli ni kwamba karatasi ile ilikaa mezani siku mbili, na kalamu juu yake. Siku ya tatu tulikopa katika chama cha akiba na mikopo, tukampelekea thamani ya gunia lake. Aliona kwamba tumemtukana, wala hakutusalimu tena mpaka alipohama mji. Kijana alirudia mtihani mwaka uliofuata, akafaulu kwa jasho lake. Hata leo tukikosa usingizi, tunazikumbuka siku zile mbili. Tommy hakuwa mtu wa kabila lingine la wanadamu. Alikuwa sisi, mchele ukiwa jikoni.

KITUFE KISICHOKUWAPO

Siku moja katika mchezo tulijaribu kukataa kazi tuliyotumwa. Tuliliacha gari, tukatembea mjini. Mjukuu akasema, "Bibi, ukikataa hadithi haiendi mbele." Ni kweli. Mchezo huu una vitufe vya kila namna, lakini hauna cha kusema hapana. Hilo ndilo upungufu wake kama mwalimu. Unaonyesha vizuri sana jinsi mtu anavyoingia, lakini unamzoeza mchezaji kudhani kwamba hakuna njia nyingine.

Njia nyingine ipo, nasi tunaijua kwa habari za kweli za kisiwa cha Sicily, nchini Italia, kilicho nyumbani kwa Mafia tangu karne ya 19. Huko fedha za ulinzi huitwa pizzo. Mjini Palermo alikuwako mwenye kiwanda cha nguo, jina lake Libero Grassi. Alipodaiwa pizzo alikataa, na Januari 1991 akawaandikia wadai wake barua ya wazi gazetini, kwamba hatalipa. Wafanyabiashara wenzake wengi hawakusimama naye. Tarehe 29 Agosti 1991 aliuawa kwa risasi karibu na nyumba yake.

Katika mji huohuo, mtaa wa Brancaccio, alikuwako padre wa parokia aitwaye Pino Puglisi. Alikataa fedha za wakubwa wa Mafia kwa ajili ya sikukuu za kanisa, akafungua kituo cha vijana ili wasiwe na haja ya kuyakimbilia magenge. Kwa maneno mengine, aliikataa bahasha, na papo hapo akawafungulia vijana mlango mwingine. Aliuawa mlangoni pake tarehe 15 Septemba 1993, siku aliyotimiza miaka 56. Mmoja wa wauaji alieleza baadaye kwamba padre aliwatazama akatabasamu.

Mtu aweza kusema, basi kukataa ni kufa. Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2004 vijana wa Palermo walibandika usiku karatasi za kulaumu pizzo kila pembe ya mji. Kutokana na hizo kilizaliwa chama kiitwacho Addiopizzo. Wenye maduka walikubaliana kukataa kwa pamoja na kuweka alama madukani mwao, na wateja waliahidi kununua kwao. Grassi alikataa akiwa peke yake. Hawa walikataa wakiwa wengi, na wenye maduka wengi waliokataa hivyo wameendelea na biashara zao.

TUFANYE NINI

Kwanza, tujue watoto wetu wanacheza nini. Mchezo huu si wa watoto. Toleo la 2020 limewekewa alama ya miaka 18 na zaidi, na alama hiyo ni ya haki. Anayemwachia mtoto wa darasa la tano mchezo huu asilaumu kompyuta.

Pili, kijana aliye mkubwa tusimfokee, bali tuketi naye tuhesabu vipandio. Tumwulize, "Ungekuwa wewe, ungesimama wapi?" Mjukuu wetu alijibu kwanza kwamba angesimama kwenye kuua. Siku ya mwisho alisema angesimama kwenye bahasha. Kisha akafikiri, akasema, "Lakini Bibi, ningekwenda wapi asubuhi ile, nimepigwa na teksi imevunjwa?"

Swali hilo ndilo tulilolibeba mpaka kuandika somo hili. Maana Tommy hakumpenda Salieri. Alikimbilia mlango aliouona wazi. Sisi nasi hatukumpenda yule mwenye mchele kuliko walimu wenzetu. Yeye ndiye tu aliyekuja. Kila kijana wa bodaboda anayevunjiwa chombo chake katika mtaa wetu, kila mjane ambaye mshahara wa marehemu umekatika, atabisha hodi mahali fulani usiku huohuo. Tukiwa tumelala, atafungua mwingine, naye hatasahau kudai.

Basi gunia letu lifike kwanza, na likifika lisidai kitu. Kwa leo tuishie hapo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika vipandio sita vya Tommy, ni kipi ambacho wewe ungekiona si kosa? Kwa nini?

2. Tutatambuaje zawadi ya upendo na zawadi inayodai? Je, inasaidia kujiuliza kama tungeweza kuitaja mbele ya jirani zetu wote?

3. Kwa nini kukataa kwa wengi ni rahisi kuliko kukataa kwa mmoja? Toeni mfano wa kazini au sokoni.

4. Katika mtaa wetu, ni nyumba gani imepata msiba au hasara mwezi huu, na nani kati yetu atakwenda kubisha hodi kabla ya Jumapili?