Kuvua kwa Manyoya Mtoni Thego

Bila shaka umekwisha kusoma juu ya wavuvi wa pwani na ngalawa zao, au wale wa Ziwa Victoria na taa zao za usiku. Leo nataka nikueleze uvuvi mwingine, ule wa kuvua kwa manyoya, ambao wengi wetu huku Nyeri huuona na kuucheka.

Samaki mwenyewe anaitwa trauti, na si mwenyeji. Trauti wa hudhurungi aliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, akatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua, mwaka wa 1905. Mwenzake, mwenye utepe mwekundu ubavuni, asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Wote wawili hutaka maji ya baridi yaendayo kasi, kwa kuwa maji baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji ya vuguvugu. Ndiyo sababu hutampata kule chini kwenye joto, hata ukeshe.

Mjomba wangu ni fundi wa nzi bandia. Huchukua ndoana ndogo, akaizungushia uzi, manyoya ya shingo ya jogoo na ya sungura, hadi ikafanana na mdudu. Kazi hiyo ndiyo iliyonilipia karo tangu kidato cha kwanza. Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa bado na deni la muhula wa pili, na mgeni mmoja alikuwa ameahidi kununua dazeni nne iwapo angeona kwa macho yake kwamba samaki wanazikubali. Leseni ya kuvua alikuwa nayo. Mimi nikaandamana nao, kazi yangu kubeba wavu.

Tulifika Thego saa kumi na mbili na nusu, baridi ya kukata masikio. Usidhani ni kazi ya kutupa tu! Katika uvuvi mwingine risasi ndiyo huvuta mshipi. Hapa chambo hakina uzito, kwa hiyo mshipi wenyewe hufanywa mnene na mzito, nao ndio hukibeba. Mvuvi huurusha nyuma, hungoja unyooke hewani, ndipo akausukuma mbele. Asipongoja, atavuna mafundo matupu. Tena trauti hukaa akielekea mkondo unakotoka, akisubiri chakula kimfikie. Basi tulimwendea kwa nyuma, tukipanda mto, tukinyata kama paka.

Saa tatu zikapita bila hata mmoja. Mgeni akaanza kutazama saa yake. Moyo wangu ulidunda: karo hiyo, inaenda na maji!

"Kijana, hebu nipindulie hilo jiwe," Mjomba akasema.

Nikalipindua. Chini yake walikuwa wamejibandika mabuu wadogo kama punje za wimbi, weusi tititi. Kumbe wadudu wengi wa mtoni huishi sehemu kubwa ya maisha yao majini wakiwa mabuu. Wakishaota mabawa hawadumu.

"Sasa umeona? Sisi tunawachinjia ng'ombe, na wao wanadonoa wimbi!"

Akafungua yule nzi mkubwa mwekundu, akafunga mwingine mdogo, mweusi, asiye na mabawa, wa kuzama. Mrusho wa pili, mshipi ukasimama ghafla, kisha ukakata maji kuelekea ng'ambo. Mgeni akapiga ukelele. Mimi na wavu wangu nikaingia hadi magotini, na maji yale, wallahi, huuma.

Mjomba alilowesha mikono kabla ya kumshika, maana mkono mkavu humwondolea samaki ule utelezi unaolinda ngozi yake. Alikuwa mdogo. Akamshikilia akielekea mkondo hadi akapata nguvu, akaponyoka.

Kufika saa sita walikuwa wamepatikana watano. Watatu walirudishwa, wawili tuliwakaanga ukingoni kwa chumvi na limau. Mgeni alichukua dazeni sita badala ya nne, akalipa papo hapo. Aliomba wawe weusi wote.