Maua Yatambaayo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Mche

Somo hili limekusudiwa kumsaidia mkazi wa Ujiji anayetaka kupamba uzio, baraza au ukuta wa nyumba yake kwa maua yatambaayo. Wanunuzi wengi huchagua mche kwa kutazama rangi ya ua peke yake. Lakini namna mmea unavyopanda ndiyo inayoamua kama utakuwa pambo au hasara. Kwa kigezo hicho, mimea hii imegawanyika katika makundi manne.

1. Iegemeayo. Bogenvilia, yenye asili ya Amerika ya Kusini, haijishikizi ila kwa miiba yake. Sharti ifungwe kwenye uzio na kupogolewa. Sehemu yake yenye rangi si ua, bali ni majani maalumu yanayozunguka maua madogo yaliyo katikati. Hupenda jua kali na huvumilia kiangazi cha Juni hadi Septemba. Ikimwagiliwa mno, hutoa majani mengi na maua machache. Isipandwe kando ya njia wapitapo watoto.

2. Ijizungushayo. Tunbagia ya maua ya samawati huzungusha shina lake kwenye waya, nguzo au mti, nayo hukua upesi. Ikiachwa ifike kwenye mwembe, itaufunika na kuunyima mwanga.

3. Yenye vikono. Pasheni hujishikiza kwa vikono vyembamba vijiviringishavyo. Haiwezi kupanda ukuta mtupu. Huhitaji kichanja cha waya au fito. Humpa mwenyewe kivuli na matunda.

4. Inatayo. Mtambazi wa majani madogo wa jamii ya mkuyu hushika ukuta kwa mizizi yake. Ukuta imara wa saruji huweza kuustahimili. Ukuta wa matofali mabichi uliopakwa udongo haufai kabisa: mizizi huingia katika nyufa, unyevu hubaki ukutani miezi ya mvua, na ukiung'oa mmea, udongo hubanduka nao. Mche wa bei ndogo waweza kumgharimu mwenye nyumba ukuta mzima.

Tahadhari ya sumu

Alamanda ya maua ya manjano, ambayo nayo huegemea, ina utomvu mweupe uwezao kuwasha ngozi. Ikiliwa, huleta kutapika na kuharisha. Mtoto akiila, apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na kipande cha mmea huo.

Kabla ya kulipa

- Muulize muuzaji: mmea huu hupandaje, hufikia urefu gani, na una sumu au miiba?
- Tazama matundu ya kiriba. Mizizi ikianza kuonekana, mche umeshika. Shina likitikisika ovyo, huenda ni kipandikizi kilichochomekwa karibuni, kisicho na mizizi.
- Geuza majani uangalie wadudu upande wa chini.
- Ukitaka rangi fulani, nunua mche uliokwisha kuchanua, au uoneshwe mmea mama.
- Mche ulioletwa kutoka ng'ambo ya ziwa uwe na cheti cha afya ya mimea.
- Dai risiti, na uitunze.

Zoezi

Kabla ya kwenda kwenye kitalu, simama mbele ya mahali unapotaka kupanda. Andika: ukuta au uzio huu umejengwa kwa nini, hupata jua saa ngapi, na nani hupita hapa kila siku? Kisha chagua kundi la mmea. Rangi ifuate baadaye.