Wakala anadai nusu ya pili ya "viza ya Kenya"

Shangazi, mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Nyalikungu hapa Maswa, nauza mchele na dengu. Shemeji yangu, mume wa dada, ni Mkenya wa Kisumu. Ananihimiza nifungue stoo ya mchele kule, maana mchele wetu unapendwa. Baba ameuza ng'ombe sita ili nipate mtaji. Nilipokuwa Mwanza nikakutana na wakala, akaniambia Mtanzania hafanyi biashara Kenya bila "viza ya biashara", na bei yake ni milioni 1.8. Nimeshamtumia laki tisa kwa simu. Sasa anataka nimalizie, halafu nitangulie kuingia kama mgeni, nifungue stoo, viza itanikuta huko huko. Shemeji naye anasema leseni na mkataba wa pango tuandike jina lake ili mambo yawe mepesi. Mke wangu ana wasiwasi, mimi usingizi umeniruka. Baba hajui habari ya hiyo laki tisa. Nifanyeje?
Muuza Mchele, Nyalikungu

Mpwa wangu, nusu ya pili usitoe, hata akikupigia simu mara kumi kwa siku.

Kitu anachokuuzia hakipo. Kenya ilifuta viza kwa wageni wote Januari 2024, ikaweka badala yake idhini ya safari inayoombwa mtandaoni, na sisi raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tumesamehewa hata hiyo. Mtanzania mwenye pasipoti akifika mpaka wa Sirari anagongewa muhuri wa mgeni upande wa Isebania, anaendelea na safari yake. Hailipiwi viza, na hakuna afisa wa uhamiaji atakayekutumia viza ukiwa umeshafungua stoo Kisumu.

Ila wakala amekuchanganya kwa kutumia jambo lenye ukweli kidogo ndani yake. Muhuri wa mgeni unakuruhusu kuingia, kusalimia, kutafuta wateja, kukagua soko na kuzungumza bei. Kukaa dukani kila siku ukiuza ni jambo jingine, na hilo linahitaji kibali. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inamhesabu mgeni anayefanya kazi au biashara bila kibali kuwa mkosaji, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi 500,000 za Kenya, kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa hiyo ule ushauri wa "tangulia, viza itakukuta" ndio hatari kuliko hata fedha uliyokwisha kutoa. Siku ya msako wakala atakuwa Mwanza, mchele wako utakuwa stoo, na wewe utakuwa kituo cha polisi.

Najua utaniuliza: je, viongozi hawakusema tuko huru? Walisema. Rais Samia alipokwenda Nairobi Mei 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliwaambia wafanyabiashara wetu kwamba hawahitaji viza wala kibali cha kazi kuwekeza Kenya, mradi wafuate sheria. Na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha biashara katika nchi nyingine mwanachama. Lakini afisa wa mpakani hafanyi kazi kwa hotuba. Anaangalia karatasi, na haki iliyo kwenye itifaki bado inapitia kwenye fomu za kila nchi.

Habari njema ni kwamba fomu hiyo ipo. Mwaka 2024 Kenya iliongeza daraja la kibali liitwalo R, mahususi kwa raia wa nchi za Jumuiya wanaotaka kuajiriwa, kufanya biashara au kazi ya taaluma huko. Kabla ya hapo mfanyabiashara mgeni alielekezwa kwenye daraja G, ambalo linadai mtaji wa dola 100,000, fedha ambayo ng'ombe wa boma zima la Maswa wasingeitoa. Akikutokea mtu akakuambia lazima uwe na dola hizo, muulize kama amesikia daraja R. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa Uhamiaji wa Kenya, kwa jina lako na kwa akaunti yako. Masharti na ada visome humo humo siku unayoomba. Usivisome kwenye simu ya wakala.

Sasa tuje kwenye biashara yenyewe, maana karatasi inafuata kazi. Jiulize: unataka kuuza mchele Kisumu, au unataka kuishi Kisumu? Watu wengi huyaweka mambo haya mawili kwenye kapu moja, wakaishia kulipia kibali cha kazi ambayo wangeifanya wakiwa kwao.

Wewe una nafasi nzuri ukiwa hapo hapo Nyalikungu. Julai 2025 serikali yetu ilitoa agizo linalowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, duka la rejareja, na kununua mazao shambani. Wakenya walilalamika kwamba linapingana na Soko la Pamoja, na mjadala huo si wangu leo. Linalokuhusu ni hili: mnunuzi kutoka Kisumu haruhusiwi kuzunguka vijijini Maswa kukusanya mchele kwa wakulima. Anahitaji Mtanzania mwenye leseni anayejua nani ana mchele mzuri na nani amechanganya. Mtu huyo ni wewe. Ukimwachia mwingine nafasi hiyo ili ukapange fremu Kisumu, utakuwa umeacha kazi usiyohitaji kibali cha mtu kuifanya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uanze kwa kuuza na kurudi. Mzigo wa kwanza uwe mdogo. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa iliyo kwenye orodha na iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, unapewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani, na hautozwi ushuru wa forodha. Piga hesabu: kilo ikiwa shilingi 2,000 na dola ikiwa shilingi 2,500, hayo ni magunia 25 ya kilo 100. Yanatosha kupima soko, na hata mambo yakienda vibaya hayakufilisi.

Utaratibu huo haufuti ukaguzi. Kabla hujapakia gari kuelekea Bariadi, Lamadi na barabara ya Sirari, uwe na leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, kibali cha kusafirisha mazao nje kutoka Wizara ya Kilimo, na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea. Mnunuzi wako wa Kenya ashughulikie kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, na akipate kabla gari halijaondoka. Unakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu? Zuio lililegezwa baada ya siku chache, lakini kwa masharti mapya. Mzigo mkavu wenye cheti ndio unaopita. Njia za panya ziache, maana gunia lililopita gizani halina risiti, na mwenye stoo akikudhulumu hutakuwa na pa kushitaki.

Ukishauza msimu mmoja ukaona faida, na ukaona kweli stoo inahitaji uwepo wako, hapo ndipo uombe kibali. Na hapo ndipo tunakuja kwa shemeji.

Simsemi kwa ubaya. Huenda ana nia safi. Lakini leseni ikiwa kwa jina lake, pango kwa jina lake na akaunti ya benki kwa jina lake, mbele ya sheria stoo ni yake, na wewe ni mgeni uliyemletea mchele. Akigombana na dada yako, au Mungu akimchukua yeye, ndugu zake hawatakuuliza baba yako aliuza ng'ombe wangapi. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inamruhusu mgeni kumiliki hisa, na kampuni binafsi inaweza kuwa na mwenye hisa mmoja tu. Mkitaka kushirikiana, sajilini kampuni, hisa zako ziandikwe kwa jina lako, namba ya kodi ya KRA na kibali cha biashara cha kaunti viwe vya kampuni. Shemeji mwema hatakasirika. Akikasirika, utakuwa umejua mapema.

Wasomaji walioniandikia kuhusu Dubai na Guangzhou ya China nao wachukue somo hili hili. Dubai hutangulia leseni, ukaazi unafuata. Tangu Juni 2021 mgeni anaweza kumiliki kampuni kwa asilimia 100 katika shughuli nyingi, lakini viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi hata siku moja. China, viza ya M ni ya kwenda kununua mzigo na kurudi. Anayetaka kufungua ofisi anahitaji kampuni iliyosajiliwa na viza ya Z. Ukipitisha muda wako huko, faini ni yuan 500 kwa siku hadi 10,000, au mahabusu.

Turudi kwako. Laki tisa idai kwa maandishi. Hifadhi ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, mpe tarehe ya kurudisha, na asiporudisha nenda polisi na vielelezo hivyo. Usitishie wala usitukane. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa iko Bariadi. Nenda ukaanze maombi ya pasipoti kama huna, na uwaulize ana kwa ana lolote linalokutatiza.

Halafu mwambie baba. Mwambie leo jioni, mkeo akiwepo, kabla hajasikia kwa mtu sokoni. Mwonyeshe mpango wa magunia 25 na karatasi zinazotakiwa. Mzee aliyekubali kuuza ng'ombe sita kwa ajili yako anastahili kujua fedha imefika wapi, na iliyobaki bado ni nyingi kuliko iliyopotea. Na usivuke Sirari na fedha ya kupanga stoo mpaka uwe umeshika kibali chenye jina lako.