Somo la Toleo Hili: Printa Moja kwa Ofisi Nzima, Namna ya Kuiunganisha na Kuilinda



Katika ofisi nyingi za Hima, Kasese na Bwera, iwe ya Sacco, ya shule, ya kituo cha afya au ya kituo cha polisi, printa ni moja na wanaoihitaji ni wengi. Desturi iliyozoeleka ni kubeba faili kwa flashi kutoka meza hadi meza. Flashi hiyo hueneza virusi, na siku nyingine hupotea ikiwa na majina ya watu ndani yake. Njia iliyo bora ni kuiunganisha printa na mtandao wa ofisi, ili kila kompyuta iifikie kutoka mahali pake.

Somo hili laeleza hatua za kazi hiyo. Laeleza pia jambo linalosahauliwa mara nyingi fundi akishaondoka: printa ni mali ya ofisi, lakini karatasi inayotoka ndani yake huwa na siri ya mtu.

Njia mbili za kushiriki printa

Njia ya kwanza ni kuichomeka printa kwenye kompyuta moja, kisha kompyuta hiyo iwaruhusu wengine kuitumia. Gharama yake ni ndogo, ila kompyuta hiyo ikizimwa, ofisi nzima hukwama. Njia ya pili ni kutumia printa yenye tundu lake la mtandao, ikaunganishwa moja kwa moja na ruta. Hii haimtegemei mtu yeyote kuwapo mezani pake. Hatua zifuatazo zinahusu njia ya pili.

Hatua za kufuata

1. Chagua mahali. Printa iwekwe mbali na vumbi la barabarani na mbali na kaunta ya wageni. Printa ya leza huvuta umeme mwingi inapopata moto. Kwa hiyo isichomekwe kwenye betri ya akiba ya kompyuta, bali ukutani, kupitia kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme.

2. Unganisha waya wa mtandao kutoka printa hadi ruta. Printa nyingi hukubali waifai pia, lakini waya hautetereki.

3. Ipe printa anwani ya kudumu. Ruta hugawa anwani kwa vifaa vyote, na umeme ukikatika na kurudi yaweza kuipa printa anwani nyingine. Hapo watu husema printa imekufa, kumbe imehama tu. Ikiwa ruta ni 192.168.1.1, nayo hugawa anwani zinazoishia na 100 hadi 200, printa yaweza kupewa 192.168.1.50, ambayo haitagawiwa kifaa kingine. Iandikeni anwani hiyo kwenye daftari la vifaa vya ofisi.

4. Weka programu ya printa katika kila kompyuta, iliyotoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Kisha ongeza printa kwa kuandika ile anwani, na uipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Printa ya Masjala".

5. Chapisha ukurasa wa majaribio kutoka kila kompyuta, si moja tu. Kazi haijakwisha mpaka meza ya mwisho imechapisha.

Kuilinda isiingiliwe

Printa iliyo mtandaoni ni kompyuta ndogo, na wahalifu wanalijua hilo. Mwishoni mwa mwaka 2018 mtu mmoja alizifikia printa zipatazo 50,000 duniani zilizoachwa wazi kwenye intaneti, akazifanya zichapishe tangazo lake. Wenye printa hizo waliona karatasi zikitoka bila wao kuamuru. Basi badilisheni neno la siri lililotoka kiwandani, msiiruhusu printa kufikiwa kutoka nje ya ofisi, na wageni wanaoomba waifai wapewe mtandao wao mbali na ule wa kazi.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Mwezi Februari 2016, printa iliyochapisha kumbukumbu za uhamisho wa fedha katika Benki Kuu ya Bangladesh ilinyamaza. Wafanyakazi walidhani ni hitilafu ya kawaida. Kumbe wezi walikuwa wameingia katika mtandao wa benki, wakajaribu kuhamisha karibu dola bilioni 1. Maombi mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Kwa hiyo mhasibu wa Sacco akiona printa imenyamaza bila sababu, na achunguze siku hiyo hiyo.

Karatasi iliyosahauliwa kwenye trei

Hata hivyo, siri nyingi huvuja bila mwizi wa mtandaoni. Mtu hubonyeza kuchapisha, huitwa nje, naye husahau. Tuchukue mfano wa mwanamke aliyepigwa nyumbani, akajitia moyo kuja kutoa maelezo. Maelezo yake yakichapishwa na kubaki kwenye trei nusu saa, jirani aliyefuata barua yake atayasoma. Mji wetu ni mdogo; kabla ya jua kuzama habari imefika sokoni. Mwanamke huyo aweza kuiacha kesi, na shahidi wake asionekane tena. Karatasi moja imeharibu kazi ambayo upelelezi hauwezi kuirudisha. Ndivyo ilivyo kwa mtihani wa shule, majibu ya maabara na orodha ya wadaiwa.

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Ofisini kata ni printa, hivyo tuchukue tahadhari hizi:

- Nyaraka za siri zichapishwe kwa namba ya siri: printa huishikilia kazi mpaka mwenyewe afike na kuiandika namba hiyo.
- Kazi iliyokwama ifutwe kwenye foleni. Isiachwe ije itoke mwenyewe akiwa hayupo.
- Karatasi iliyoharibika ichanwe vipande vipande, isitumike kufungia bidhaa.
- Mashine yenye hifadhi ya kumbukumbu ifutwe kabla ya kuuzwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda, ya mwaka 2019, humtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika. Sheria hiyo haichagui kati ya kompyuta na karatasi, na inatuhusu sisi polisi kama inavyomhusu mwalimu mkuu na mweka hazina.

Maswali ya kujadili ofisini

1. Ni nani ajuaye neno la siri la printa yetu, na lilibadilishwa lini?
2. Mgeni aliyesimama kwenye kaunta aweza kuisoma karatasi iliyo kwenye trei?
3. Printa ikinyamaza ghafla, ni nani hupewa taarifa kwanza?

Ofisi itakayoyajibu matatu haya bila kusita imelielewa somo. Na mwananchi atakayeona maelezo ya mtu yamelala wazi katika ofisi yoyote, ikiwamo ya polisi, ana haki ya kumwambia mkuu wa ofisi hiyo. Afanye hivyo bila woga.