Mchunguze daktari wa akina mama kabla hujapanda kitandani kwake

 

Leo tuzungumzie daktari wa magonjwa ya wanawake hapa Marekani, kwa ajili ya yaliyomkuta rafiki yangu mmoja, ambaye ameniruhusu niyaseme. Alikuwa akitokwa damu nyingi kila mwezi, karibu mwaka mzima. Wenzetu wakamwelekeza kwa daktari "mzuri sana, anatuelewa". Akapewa vidonge, akarudi, akapewa vingine. Utrasaundi hakupigwa hata siku moja. Mwisho akaambiwa dawa iliyobaki ni kutoa kizazi. Alikuwa na miaka 34, hajapata mtoto. Alinipigia simu usiku analia. Tukafungua intaneti pamoja: daktari yule ana leseni halali kabisa, ila si bingwa wa magonjwa ya wanawake.

Hapo ndipo wengi tunapochanganya, hata mimi niliyesomea uuguzi nyumbani na hapa nilichelewa kuelewa. Leseni hutolewa na jimbo, nayo inamruhusu mtu kutibu. Haisemi amebobea katika nini. Ubingwa unathibitishwa na bodi nyingine, na kwa mambo yetu bodi hiyo ni ABOG. Anayetaka cheti chake hufanya mafunzo ya miaka 4 hospitalini baada ya kumaliza chuo cha udaktari, kisha mtihani wa kuandika, halafu wa mdomo. Daktari kijana anayesubiri mtihani wa mdomo si tapeli, mimi ningemwendea.

Kwa hiyo mtafute mara mbili, na ni bure. Anza na tovuti ya bodi ya udaktari ya jimbo lako. Leseni iwe hai, kwa mfano yenye neno Active. Soma kama amewahi kusimamishwa au kuwekewa masharti, na kwa kosa gani. Kushtakiwa mara moja mahakamani kusikutishe peke yake, maana wanaozalisha hushtakiwa sana nchi hii. Kama amehamia kutoka jimbo jingine, angalia docinfo.org, inayoonyesha adhabu za majimbo yote. Kisha nenda abog.org. Mwenye herufi D.O. badala ya M.D. huenda cheti chake ni cha AOBOG.

Ukipiga simu kliniki, uliza kama wanapokea bima yako. Bima nyingi hukuruhusu kwenda kwa daktari huyu moja kwa moja, bila barua ya daktari mwingine. Kama unataka daktari mwanamke, sema. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. Kliniki zinazopokea Medicaid zinatakiwa kukupa bila malipo. Tafadhali usimpeleke mwanao wa miaka 12 akutafsirie habari za uke wako. Na kama ulikeketwa, uliza mapema kama daktari amewahi kuhudumia wanawake waliokeketwa. Afadhali jibu baya kwenye simu kuliko kumwona anashtuka ukiwa umeshavua nguo.

Rafiki yangu alimpata bingwa. Utrasaundi ikaonyesha uvimbe, ukatolewa huo tu, kizazi kipo.

Ila ukiona unalowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, au unasikia kizunguzungu, achana na kutafuta majina. Nenda hospitali, idara ya dharura, saa hiyo hiyo.