Stadi ya Ekzozi Ikigoma: Namna ya Kuitoa Bila Kuua Hedi

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakailetea ushindi tena. Magari hayo sasa yamepita miaka 50. Mwenye kumiliki moja, awe anaiendesha Jumapili tu au anaiandaa kwa mashindano ya magari ya zamani, siku moja ataanza kusikia mlio wa tik-tik injini ikiwashwa asubuhi, unaofifia ikishapata moto. Mara nyingi hiyo ni gasketi ya ekzozi inayovujisha moshi. Kuibadilisha ni lazima manifoldi ifunguliwe, na manifoldi inashikwa na stadi, yaani zile bolti zisizo na kichwa zilizozamishwa kwenye hedi, zikakazwa kwa nati upande wa nje.

Injini ya 240Z, L24 ya silinda 6 na cc 2,393, ina bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini. Stadi ni za chuma. Chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye unyevu, alumini ndiyo huliwa, na unga mweupe unaotokea huhitaji nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, hivyo huibana stadi pande zote. Tena manifoldi ni ndefu na haitanuki sawa na hedi kila injini inapopata moto na kupoa. Mvutano huo huumiza zaidi stadi za miisho, na ndizo huwa za kwanza kukatika.

Kabla ya kugusa spana, amua unachookoa. Nati ni ya kutupa, stadi ni ya kutupa. Hedi ndiyo mali. Kila hatua ipime kwa swali moja: ikiharibika, nitakuwa nimepoteza stadi au nimepoteza hedi?

Kwenye L24 kabureta zimekaa juu kabisa ya manifoldi ya ekzozi, upande uleule. Zitoe, ziba mpira wa petroli, futa kilichomwagika, na weka kizima moto mahali mkono unapofika. Tenganisha betri.

Sugua nyuzi zilizojitokeza nje ya nati kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Mafuta ya kupenya hayapenyi kutu nene iliyochanganyika na masizi, watu huyamwaga bure. Paka jioni, paka tena asubuhi, na kila ukipaka gonga ncha ya stadi kidogo kwa nyundo ndogo na kipande cha shaba. Mafuta ya taa na dizeli yanayotumika gereji nyingi husaidia kiasi, ila usiyaweke mahali utakapopeleka moto.

Tumia soketi ya kona sita, si ya kona kumi na mbili, kwa kuwa nati ya zamani imeshapungua ukubwa na kona zake huliwa upesi. Anza kwa kukaza kidogo sana, kama unataka kuivunja usingizi, ndipo ulegeze. Ikisogea robo mzunguko, irudishe, ongeza mafuta, isogeze tena. Usitie paipu kwenye mpini wa spana. Paipu huongeza nguvu na kuondoa hisia, na hapa hisia ndiyo kazi yenyewe. Nati inayoachia hutoa mlio mkavu, tak, kisha hubaki pale ulipoipeleka. Spana ikisogea kwa ulaini na ukiiachia inarudi nyuma, nati haijafunguka: ni stadi inayojipinda, na imebakiza kidogo ikatike. Acha hapo hapo.

Sasa ni zamu ya moto. Pasha nati peke yake, kwa mwali mdogo, mpaka ianze kuwa nyekundu, kisha iguse na mshumaa inapopoa. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi. Mwali uelekeze upande wa manifoldi, mbali na hedi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, na aloi zake hata chini ya hapo, nayo haitoi onyo la kugeuka nyekundu kama chuma. Ukiiona inalegea umeshachelewa. Na ole wako utumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini karibu na moto au uchomeleaji: inaweza kutoa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu ya kuua.

Nati ikikataa kabisa, ipasue kwa patasi au ikate kwa grainda ndogo. Na ikitoka pamoja na stadi yake, shukuru, utazitenganisha baadaye kwenye jiliwa.

Stadi ikikatika, wengi hukimbilia ekstrakta, kile kipini chenye meno ya kushoto kinachopigiliwa kwenye tundu. Mimi ningekifanya cha mwisho. Ni cha chuma kigumu mno, na kikivunjikia ndani drili ya kawaida haikiingii. Njia bora ni kuchomelea nati mpya juu ya kisiki, ukijaza katikati. Chuma cha kuchomelea hakishiki alumini, na joto lile la ghafla hulegeza ule unga uliobana. Acha ipoe mpaka nati isiwe nyekundu tena, halafu isogeze mbele na nyuma taratibu. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Kurudia mara kadhaa ni kawaida, wala si dalili ya fundi mbovu.

Ikibidi kutoboa, tafuta biti ya kuzunguka kushoto na funga kipande cha bamba chenye tundu kwenye stadi za jirani kiiongoze biti katikati. Biti ikihama kidogo tu itafuata alumini, ambayo ni laini. Nyuzi zikiharibika, koili ya Helicoil huzirudisha imara. Pale ambapo drili haiwezi kusimama wima, fungua hedi uipeleke kwenye karakana yenye mashine. Ila ujue jambo moja kuhusu injini hizi: kabla ya kutoa gia ya kamshafti, shindilia kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni. Bila kabari, kikaza cheni hutoka mahali pake na utalazimika kufungua kifuniko cha mbele cha injini.

Wakati wa kufunga, weka stadi mpya zilizopakwa grisi ya kuzuia kuganda inayostahimili joto la ekzozi. Laza rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi, na ukiona mwanga chini yake ipeleke ikasawazishwe, la sivyo stadi mpya zitakatika vilevile. Kaza kuanzia katikati kwenda miishoni, kwa awamu. Washa injini ipate moto, izime, iache ipoe mpaka kesho yake, kisha pitia nati zote tena.