Usiiuze Cherehani, Mwanangu

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, kazi yangu ni ukarani. Jioni watoto wakishalala napenda kushona, kudarizi foronya na mashuka, na siku za karibuni nimeanza kufufua samani za zamani: stuli, viti, meza ndogo. Sikusomea, nilijifunza kwa kutazama na kujaribu. Mwezi uliopita mume wangu akiwa safarini, nilipaka rangi nyeupe ya mafuta kabati la vyombo la mninga aliloachiwa na marehemu mama yake. Nilitaka akirudi afurahi. Alilitazama, akatoka nje, na tangu siku hiyo tunazungumza habari za chakula na ada tu. Wifi yangu alipoliona alisema nimemfuta mama yao, maana mama alilinunua kwa pesa ya maandazi. Na hiyo rangi yenyewe imeanza kubanduka pembeni na kwenye droo, aibu juu ya aibu. Mume wangu anasema kazi zangu haziingizi hata shilingi, zinakula pesa tu. Mashuka niliyoanza yamekaa, maua yanajikunyata, na ndugu wananiletea vitenge niwashonee bure sare za harusi. Cherehani nimeifunika. Kuna jirani anataka kuinunua. Niiuze? Mwenye Cherehani, Ngamiani.*

Pole sana, mwanangu. Usiiuze.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu jirani anasubiri jibu, na kitu kilichouzwa kwa uchungu huwa kigumu kukipata tena. Mwambie jirani haiuzwi, kisha turudi kwenye kabati, maana huko ndiko penye jeraha.

Barua yako nzima unaulaumu mkono wako. Hukusomea, rangi imebanduka, maua yamejikunyata. Lakini mume wako hakutoka nje kwa sababu ya ubora wa rangi. Hata angelipaka seremala hodari kuliko wote wa Tanga, angetoka vilevile, kwa kuwa hakuulizwa. Kabati lile lilikuwa na alama ambazo wewe uliziona kama uchakavu: pengine duara jeusi la sufuria iliyowekwa ikiwa ya moto, pengine ukingo wa droo uliolainika kwa vidole vilivyoivuta miaka na miaka. Kwa mtoto aliyelelewa na maandazi ya mama huyo, alama hizo ndizo zilizobaki za kushikika. Alirudi safari akazikuta hazipo, na aliyeziondoa ni mtu anayempenda. Mtu wa namna hiyo hapati maneno. Hutoka nje.

Kwa hiyo kabla hujashika brashi wala msasa, nenda kwake. Usianze na nia yako njema, maana nia anaijua na ndiyo inayomzuia hata kukukasirikia vizuri. Anza na tendo. Mwambie, "Nililipaka rangi kabati la mama bila kukuuliza. Nisamehe." Kisha nyamaza umsikilize, hata akisema machache, hata akisema makali. Akishatua ndipo umuulize anataka nini: lirudi kwenye mbao yake, au libaki lilivyo, au lipelekwe kwa seremala anayemwamini. Jibu lolote atakalotoa, lifuate. Halafu mwende kwa wifi pamoja. Neno lake lilikuwa kali, ndiyo, lakini naye amefiwa na mama yuleyule, na hakuna aliyemwita aage kabati.

Sasa, akisema lirudi, nina habari njema kwako, na imo humohumo kwenye kile unachokionea aibu. Rangi inabanduka. Unajua kwa nini? Bila shaka uliipaka juu ya vanishi ya zamani bila kuikwaruza kwanza kwa msasa. Rangi ya mafuta ikikuta vanishi laini inayong'aa haina pa kushika, inalala tu juu yake, na mahali panapoguswa sana, kama pembe za milango na midomo ya droo, huanza kuachia. Mninga una vitundu vidogo kwenye nyuzi zake, vinaonekana hata kwa macho. Ungeupiga msasa mpaka ukafikia mbao tupu ndipo ukapaka, weupe ule ungezama ndani ya vitundu hivyo na usingetoka wote hata kwa wiki nzima ya kusugua. Kwa kuacha hatua ile, vanishi ya mama mkwe wako imesimama katikati na kuikinga mbao.

Hakikisha kwanza. Tafuta sehemu iliyojificha, upande wa ndani wa mlango kwa mfano, ujaribu kwa ukucha. Ikitoka vipande vipande na chini yake ukaona kahawia inayong'aa, mambo ni mepesi kuliko ulivyodhani. Fanya mapema, kwani rangi ya mafuta huendelea kukauka kwa wiki nyingi baada ya kupakwa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa ngumu.

Fungua milango kwenye bawaba, chomoa droo, toa vitasa, na skrubu ziweke kwenye kikopo kimoja zisipotee. Halafu bandua kwa mkono kila kitakachokubali kubanduka. Tumia kitu cha plastiki chenye ukingo, hata kadi ya zamani, usitumie kisu, kwa sababu kisu kitachimba mbao na huo ndio utakuwa uharibifu wa kweli. Hapa ndipo pa kwenda polepole. Dawa ya kutolea rangi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi haibagui, ikila rangi itakula na vanishi iliyo chini, kwa hiyo ibaki kwa sehemu zilizokataa kabisa. Ukilazimika kuitumia, iwe uani penye upepo, glavu mkononi, watoto mbali. Ipake nzito, subiri rangi ivimbe na kukunjamana, ikokote, kisha ufute vizuri kwa kitambaa chenye tina. Kwenye nakshi na pembe, mswaki wa zamani unatosha.

Jambo moja la hatari. Ukikuta chini ya vanishi kuna rangi nyingine ya zamani zaidi, simama. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Hiyo usiipige msasa mkavu nyumbani. Na vumbi la mninga wenyewe huwasha pua na kifua kwa watu wengine, kwa hiyo vaa barakoa hata kama unasugua kidogo tu.

Weupe ukishatoka, utashawishika kulipiga msasa kabati zima ling'ae kama jipya. Nakuomba usifanye hivyo. Chukua msasa laini, namba 240, pitisha kwa wepesi ukifuata nyuzi za mbao, usikatize, kiasi cha kuipa vanishi mpya mahali pa kushika. Duara la sufuria liache. Ukingo uliolainika uache. Futa vumbi, paka mkono mwembamba wa kwanza wa vanishi ya mafuta uliyoipunguza kwa tapentaini, iache ikauke barabara, sugua kidogo tena, kisha paka wa pili. Chagua siku kavu. Hewa ya pwani wakati wa masika ina unyevu mwingi, na vanishi inayopakwa siku ya mvua hupata ukungu mweupe ambao utakurudisha kule ulikotoka. Na kama mume wako yupo, mpe msasa na upande mmoja wa mlango. Sisemi hivyo ili kazi iishe haraka. Watu wawili wanaosugua mbao moja husema mambo ambayo mezani hayasemeki.

Tuje kwenye shilingi. Neno la mume wako kwamba kazi haiingizi kitu lilisemwa siku ya hasira, lakini naona limekuingia, kwa hiyo tulitazame. Nyumba yenu ina mapato, wewe mwenyewe una mshahara. Kushona kwako hakukuanza kwa ajili ya kodi ya nyumba. Ukikugeuza biashara leo ili umridhishe, utakuwa na wateja, na wateja wana tarehe, na tarehe hazijui kwamba mtoto ana homa. Ipo mikono inayoishi kwa hilo. Mafundi cherehani wanaokaa barazani wanalisha familia kwa kazi hiyo, nami nawaheshimu, ila hiyo ni kazi nyingine.

Zitazame kofia za viua za Zanzibar na Lamu. Mwanamke anakaa nyumbani na kitambaa cheupe, sindano na uzi, anatoboa tundu, analizungushia uzi, anahamia la pili, na matundu hayo yakikamilika ndiyo nakshi yenyewe na ndiyo yanayopitisha hewa kichwani. Kofia nzuri inaweza kumla miezi. Ikichafuka hufuliwa, hutiwa wanga na kuvalishwa kwenye kibao ili irudie umbo lake. Nyingi huuzwa, na zinasaidia nyumba. Lakini wapo wanaomshonea mume au mtoto tu, kofia ambayo haitauzwa kwa bei yoyote, na hakuna mtu pwani anayesema mwanamke huyo amepoteza muda wake. Mkono ni uleule, sindano ni ileile. Sioni kwa nini foronya zako zipimwe kwa kipimo kingine.

Hata hivyo, mume wako ana haki katika jambo moja: fedha za vitambaa na nyuzi zitoke mahali panapojulikana. Kaeni mpange kiasi cha kila mwezi kinachotoka kwenye mshahara wako, kikiisha kimeisha. Samani chukua zile zinazotupwa au zinazouzwa bei ya kuni, ambazo hazina mwenye kuzililia. Huko paka nyeupe, paka buluu ya bahari, fanya unavyotaka. Rangi ina raha yake na sitaki uiogope kwa sababu ya kabati moja.

Maua yanayojikunyata yana tiba. Kwanza, pamba hurudi ikifuliwa, kwa hiyo kitambaa kifue kwa maji ya moto na kukipiga pasi kabla hujachora ua lolote. Usipofanya hivyo shuka litarudi siku ya kwanza kufuliwa, uzi hautarudi kwa kiasi kilekile, na hapo ndipo mikunyato inapozaliwa. Pili, fremu. Kitambaa kikazwe mpaka ukikigonga kwa kidole kilie kama ngoma, na ukimaliza kwa jioni hiyo kitoe, usikiache kimebanwa hadi kesho, alama ya duara itabaki. Tatu, na hili nadhani ndilo lako hasa, unavuta uzi mno. Uzi wa kudarizi umesokotwa kwa nyuzi 6 zinazotenganishika. Kwa mashina na mistari tumia 2 tu, ukate urefu wa kama sentimita 45, kisha kila mshono uulaze juu ya kitambaa bila kuuvuta. Petali pana usizivuke kwa mshono mmoja mrefu, zigawe. Hayo yaliyokwisha kujikunyata, geuza shuka, lainisha kwa maji, piga pasi kwa nyuma juu ya taulo nene. Mengi yatalala. Yatakayokataa, fumua. Kufumua hakukupunguzii kitu.

Ndugu wa sare za harusi nao wanahitaji jibu, na jibu lisiwe refu. Sare ni kazi ya fundi, ina vipimo vya watu wengi na siku isiyosogea. Warudishie vitenge vyao kwa heshima, uwaambie wewe hushoni sare. Bibi harusi ukimpenda, mdarizie jozi ya foronya kwa hiari yako na kwa wakati wako. Watanuna wachache. Watashona kwingine, na harusini mtakutana mkicheka.

Iliyobaki ni cherehani. Imekaa imefunikwa, na hewa ya bahari haina urafiki na chuma. Siku ukiifunua usiiendeshe hapohapo. Toa sindano iliyomo na uitupe, hata kama inaonekana nzima, maana kutu kidogo tu kwenye ncha hukata nyuzi za kitambaa na kufanya mishono iruke. Weka mpya, namba 90 kwa pamba za kawaida. Fungua boksi la bobini, toa vumbi na vipande vya nyuzi kwa brashi ndogo. Tia matone ya mafuta ya cherehani kwenye vitundu vyake, na tafadhali yasiwe mafuta ya kupikia, hayo huganda na kuikwamisha kabisa. Izungushe kwa mkono bila uzi mpaka uisikie imekuwa nyepesi, kisha shona juu ya kitambaa kibovu ili mafuta yaliyozidi yatoke huko. Ukiona uzi unafanya vitanzi upande wa chini, usihangaike na bobini. Mara nyingi kosa liko juu, uzi haujakaa katikati ya visahani vya kubania. Inua mguu unaokandamiza kitambaa, utie uzi upya, ujaribu tena.